Baba Aliyefariki Mstari wa Tatu

Kwa miaka ishirini na tisa Afande alikaa nyuma ya kaunta ya kituo cha polisi akiandika maelezo ya watu. Hakuwahi kumkimbiza mwizi. Hakuwahi kufyatua risasi nje ya uwanja wa mazoezi, na huko kwenyewe alipiga mchanga. Kazi yake ilikuwa kalamu. Aliyeibiwa kuku alikaa mbele yake, na aliyeiba kuku akaja kukaa baadaye kwenye kiti kilekile, na wote wawili aliwauliza kwa sauti moja: ulikuwa wapi, saa ngapi, ulimwona nani, ulijuaje kuwa ni yeye. Alistaafu akiwa koplo. Wenzake walioanza kazi siku moja naye walikuwa tayari na madereva. Hakulalamika. Alisema cheo ni dhamana, na yeye alishaona watu wengi mno wakiruka dhamana.

Mumewe, fundi wa redio, alimwita Afande tangu siku ya posa. Watoto wao walimwita Mama walipokuwa wadogo, kisha wakapata akili nao wakaanza kumwita Afande.

Miezi ya kwanza ya kustaafu aliitumia kupanga karakana ya mumewe. Alivipanga vipuri vyote kwa tarehe vilivyoingia. Fundi akakaa wiki mbili bila kuiona pasi yake ya kuchomelea, na ilipopatikana, ilikuwa mahali pake kabisa, kati ya vitu vya mwaka waliooana.

Ndipo mjukuu wao wa kiume akaja na karatasi. Alikuwa anamaliza sekondari na alitaka kuomba nafasi katika chuo kimoja cha nje, na chuo hicho kilitaka kila mwombaji aandike maelezo binafsi.

"Bibi, si wewe umeandika maelezo maisha yako yote?"

"Ya watu wengine," alisema Afande. Akavaa miwani, akasoma. "'Tangu utotoni nimekuwa na kiu isiyozimika ya elimu.' Kiu hii ilikuanza lini?"

"Ni lugha tu, Bibi."

"Mwezi gani?"

"Haikuanza mwezi wowote."

"Kuna mtu mwingine aliyeiona?"

Mjukuu akamtazama babu yake. Babu yake alikuwa ameinamia redio kwa bidii ambayo redio hiyo haikuhitaji.

Ilichukua saa mbili. Mwisho wa saa ya pili kijana alitoa jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Katika jaribio la kemia, lile la kudondosha asidi mpaka rangi ibadilike, darasa zima liliandika ishirini na tano kwa sababu mwalimu alikuwa ameshasema jibu ni ishirini na tano. Yeye alipata ishirini na sita nukta nne, akaandika hivyo. Akapewa sifuri. Akarudia, akapata ileile, akaandika ileile, akapewa sifuri ya pili. Baadaye ikagundulika kuwa chupa ya asidi ilikuwa imeongezwa maji. Alama zake hazikurudishwa.

"Mbona hukuandika hili?"

"Hilo ni jambo la kufeli, Bibi."

"Andika."

Akaandika, akapata nafasi. Afande hakushangaa. Alisema maelezo yalikuwa na tarehe.

Habari zikafika kwa mwalimu mshauri wa shule. Huyu alikuwa mwalimu wa jiografia aliyepewa na kazi ya kuwashauri wanafunzi kuhusu vyuo, kwa sababu siku ya kugawana kazi alikuwa mgonjwa. Alikuja nyumbani na bahasha nene.

"Nina barua arobaini hapa, Mama. Thelathini na mbili zinaanza na 'tangu utotoni'."

"Na nane?"

"Zinaanza na methali."

Basi ikawa kila Alhamisi baada ya masomo Afande anakaa kwenye chumba cha ramani. Kilikuwa chumba chembamba chenye feni iliyozunguka ilipotaka, na ukutani ramani ya dunia yenye nchi tatu ambazo hazipo tena. Siku ya kwanza aliisogeza meza ili mwanga wa dirisha umwangukie mwanafunzi badala yake yeye. Mwalimu akairudisha. Alhamisi ya pili akaisogeza tena. Wiki ya nne mwalimu akakata tamaa.

Kila mwanafunzi alianza kwa kuambiwa: "Hulazimishwi kusema lolote, lakini lolote utakalosema litaandikwa." Wengi walicheka. Wakasubiri naye acheke. Feni ikazunguka. Wakaacha.

Hakukubali "ndoto" isiyokuwa na tarehe. Neno "changamoto" alilikataa kabisa. "Changamoto ni nini? Ina miguu mingapi? Iliingilia mlango upi?" Na kila maelezo yalipokamilika, aliyasoma kwa sauti mbele ya aliyeyatoa, kama utaratibu wa kituoni ulivyotaka, maana aliamini mtu husikia uongo wake vizuri zaidi unapotoka kwenye mdomo wa mwingine. Ukishasomewa unatia sahihi kila ukurasa. Vyuo havikuhitaji sahihi hizo. Afande alizihitaji.

Miongoni mwa waliokuja alikuwamo binti mmoja aliyeitwa Spika. Ndiye aliyeongoza klabu ya midahalo, na aliweza kutetea upande wowote wa hoja yoyote. Mara moja shule pinzani ilishindwa kufika, akatetea pande zote mbili peke yake, akashindwa na yeye mwenyewe kwa alama mbili. Mwalimu mshauri alikuwa na hakika juu yake kuliko wote. Maelezo yake yalifika kwa mwalimu yakiwa yamepigwa chapa, kurasa mbili, hayana kosa hata la mkato, na Alhamisi iliyofuata yalikuwa juu kabisa ya rundo la Afande, bado hajayagusa.

Siku hiyo wazazi walikuwa wameitwa kutia sahihi fomu za maombi. Mlango wa chumba cha ramani ukagongwa, akaingia mwanamume mwenye shati safi na rangi ya buluu chini ya kucha.

"Mimi ni baba yake Spika," alisema. "Nimeelekezwa huku."

"Karibu, Baba. Binti yako bado hajafika. Kaa."

Akakaa kwenye kiti cha mwangani. Afande akampa yale maelezo ayapitie wakati wakisubiri, kama ambavyo angempa mzazi yeyote. Mtu yule akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Akaitazama kutoka juu hadi chini kwa muda unaostahili. Akaigeuza, akatazama ya pili. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Imepangwa vizuri," alisema. "Pembeni wameacha nafasi ya kutosha."

Afande alikuwa amesikia sentensi kama hiyo mara nyingi sana katika maisha yake, kutoka kwa watu wengi sana walioshika karatasi namna hiyo. Wengine husema wamesahau miwani. Wengine husema mwandiko ni mzuri. Dawa yake aliijua, wala haikuwa na aibu kwa yeyote: unaichukua karatasi, unasema ni utaratibu, unasoma.

"Utaratibu wetu ni kusoma kwa sauti," alisema, akaichukua.

Wakati huohuo Spika akaingia akihema. Alikuwa amekimbia kutoka upande wa pili wa shule. Akamwona baba yake, akaiona karatasi mkononi mwa Afande.

"Afande, hiyo siyo yenyewe. Nina nyingine."

"Kaa."

"Shikamoo, Baba. Afande, tafadhali..."

"Kaa, mwanangu. Yote tutayasikia."

Akaanza. Mstari wa kwanza ulikuwa juu ya mvua. Mstari wa pili ulikuwa juu ya taa. Mstari wa tatu ulisema: "Baba yangu alifariki nikiwa na miaka sita."

Katika miaka ishirini na tisa Afande hakuwahi kusimama katikati ya maelezo. Alishawahi kusoma habari za mapanga bila kukohoa. Sasa akasimama.

"Endelea," alisema baba.

"Baba, si lazima..." alisema Afande.

"Endelea tu, Mama. Nimekwishakufa, nisikie na mengine."

Akaendelea mpaka mwisho, kwa sauti ileile, kwa sababu hakuwa na nyingine. Mama aliyeuza karanga. Kandili. Viatu vilivyotoboka. Spika alikuwa ameitazama sakafu kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale. Karatasi ilipokwisha, feni nayo ikaamua kupumzika.

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?" aliuliza baba.

"Haikutajwa."

"Nikazikwa wapi?"

"Haikutajwa pia."

"Kuna lolote zuri limesemwa juu ya marehemu?"

Afande akarudi kwenye karatasi. "Mstari wa kumi na moja. Anasema ulikuwa mtu wa kicheko."

"Mh," alisema mtu yule. "Hilo amesema kweli."

Akaomba aonyeshwe mahali pa sahihi. Akachora sahihi nzuri sana, nzuri kuliko zote zilizotiwa siku hiyo. Akasimama, akamwambia binti yake asipitilize, mama yake anamhitaji kabla ya jua kuzama, akaaga, akaondoka. Hakuufunga mlango kwa nguvu. Ingekuwa afadhali kama angeubamiza.

Afande akamgeukia binti. "Kwa nini umemuua baba yako?"

"Kwa sababu wanaochukuliwa ni wenye msiba. Sisi hatuna msiba wowote. Tuna sofa."

"Mwaka jana mmoja alichukuliwa kwa ajili ya chupa ya asidi."

Spika akasema polepole: "Ulimwona alivyoishika?"

"Nilimwona."

"Basi unajua."

"Mimi sijui kitu mpaka shahidi aseme."

"Baba hajui kusoma." Alisema huku akiutazama mlango. "Kazi yake ni kuchora mabango. Nusu ya mabango ya mji huu ni ya kwake, na hawezi kusoma hata moja. Watu hawajui. Nikiandika habari za baba yangu nitafika tu hapo, hakuna njia ya kupita pembeni. Sasa ni lipi jepesi kuliandika, Afande? Kwamba mchora mabango hajui kusoma, au kwamba amekufa?"

Afande aliweka kalamu chini. Lile halikuwa jambo la kuandikwa siku ile.

Binti akachukua karatasi zake, akaondoka.

Nyumbani Afande alimsimulia mumewe yote. Fundi akasikiliza mpaka mwisho.

"Lakini ulifuata utaratibu," alisema.

"Nilifuata."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Hapohapo," alisema Afande, akaenda kulala mapema. Usingizi haukuja. Alijua baba yule hajui kusoma kabla ya kuambiwa, akajipa sifa moyoni kwa kulijua, na katika kujipa sifa hakuona kuwa mtoto anamwomba anyamaze.

Alhamisi iliyofuata Spika hakuja. Ya pili pia hakuja. Mwalimu mshauri alisema binti anahudhuria masomo yote ila amejitoa kwenye midahalo, na kwamba fomu zinafungwa baada ya siku kumi na mbili. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetamani kuwa mgonjwa tena.

Jumamosi asubuhi Mchoraji, baba yake Spika, alifika kwenye karakana ya redio. Alikuwa na ngazi begani. Aliiegemeza ukutani, akaisogeza kidogo ikae sawa, akaingia.

"Nimekuja kutoa maelezo," alisema.

Afande akatafuta karatasi. Fundi akazima redio aliyokuwa akiijaribu, kisha akaonekana kuwaza kama atoke.

"Mume wangu atupishe?"

"Akae tu. Mtu wa redio amezoea kusikia mambo."

Akasema kazi aliifundishwa na mjomba wake. Kwake herufi ni picha: huyu ana tumbo, huyu ana mkia, huyu amesimama mguu mmoja. Mteja huleta maneno yake kwenye karatasi, yeye huyakuza. Mkewe alikuwa akikagua, na binti alipofika miaka saba akamwachia kazi hiyo. Binti alishika karatasi na kuita herufi moja moja, naye akizichora.

"Binti alipokuwa na miaka tisa, daktari wa meno akanipigia simu. Alitaka bango kubwa la mbele ya jengo, ghorofa ya pili. Hakuleta karatasi, alisema kwa simu. Mimi nikamwambia mtoto: andika, Daktari wa Meno. Siku hiyo alikuwa na kazi ya shule ya aina za maneno. Kichwa kilikuwa huko."

"Akaandika nini?"

"Daktari wa Maneno."

Fundi aliinamia redio ghafla, mabega yakitikisika.

"Mita nne," aliendelea Mchoraji, bila kubadilika uso. "Buluu juu ya nyeupe. Sijawahi kuchora kitu kizuri kama kile. Likakaa siku tatu kabla mtu hajasema. Kufikia hapo mama mmoja alishampeleka mwanawe mwenye kigugumizi, na mzee mmoja alienda kuomba aandikiwe hotuba ya harusi. Daktari akaja nyumbani amekasirika. Nikamwambia kosa ni langu, nilikuwa na haraka. Nikalishusha, nikalichora upya. Basi."

"Binti alijua kuwa ulimkingia kifua?"

"Hatujawahi kulizungumza. Ila kuanzia siku ile alianza kusoma kamusi kama watu wanavyosoma magazeti. Akawa wa maneno hivyo hivyo, mpaka leo."

Afande aliandika yote. Kisha akauliza, jambo ambalo hakuwa amewahi kumuuliza mtu: "Unataka nikusomee?"

"Nisomee."

Akasoma. Mchoraji akasikiliza kwa kichwa kilichoinama, akasahihisha mahali pamoja: bango lilikuwa la mita nne na nusu.

"Sasa nataka umpe yeye," alisema. "Mwambie aandike hilo. Na hilo lingine la kutojua kusoma, aliandike pia. Aibu ni yangu, kwa hiyo ruhusa ni yangu."

"Siwezi kumpa," alisema Afande. "Maelezo ni yako. Mpe mwenyewe."

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akachukua ngazi yake.

Alhamisi ya tatu Spika alikuwa wa kwanza mlangoni. Alikaa mwangani bila kuambiwa.

"Baba alinipa karatasi akasema, nisomee," alisema. "Nilidhani ni kazi ya mteja. Nikaanza kusoma kwa sauti."

"Ukafika wapi?"

"Nikafika pale anapomwambia daktari kosa ni langu. Afande, mimi nilikuwa nyuma ya mlango siku ile. Nilisikia kila kitu. Miaka yote hii nilidhani hajui kama najua, na yeye alidhani sijui."

"Mkafanya nini?"

"Akasema, malizia. Nikamalizia. Halafu akasema mita nne na nusu umeisoma vizuri, akaenda kuoga."

Ndiyo maelezo aliyoyaandika. Yalianza hivi: "Nilipokuwa na miaka tisa nilikosea neno moja, na baba yangu akalipandisha ghorofa ya pili." Afande alitaka jengo litajwe. Spika akauliza kama ni lazima. Ilikuwa lazima. Palikuwa na "changamoto" moja ukurasa wa pili, ikafutwa. Kwa kuwa binti alikuwa amebakiwa na siku tano, walikaa pia Ijumaa na Jumatatu, na mwalimu mshauri akawaletea chai, akajigonga kwenye meza iliyosogezwa.

Walipomaliza, Afande aliuliza: "Nisome mimi, au utasoma mwenyewe? Na unataka nani awepo?"

"Usome wewe. Na baba awepo."

Akaja, shati safi, rangi nyekundu safari hii. Akasikiliza. Pale palipoandikwa kuwa hajui kusoma alivuta pumzi kwa pua, akaiachia. Mwishoni akasema maelezo ni mazuri ila yana jambo moja: yeye hakuwa na haraka siku ile, alimwambia tu daktari hivyo. Wakasahihisha.

Chuo cha kwanza kilimkataa Spika kwa barua ya kurasa mbili iliyomsifu sana. Cha pili hakijajibu mpaka leo. Cha tatu kikamchukua, kusomea mipango miji, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, akiwemo Spika. Alisema midahalo ilimchosha, sasa anataka kitu kisichojibu.

Afande anaendelea na Alhamisi zake. Bado anawaambia wanafunzi kuwa lolote watakalosema litaandikwa. Lakini sasa, kabla ya kusoma kwa sauti, hutazama kwanza ni nani yumo chumbani, na mara mbili ameombwa anyamaze, akanyamaza.

Mchoraji alipobaki bila mkaguzi alijiandikisha darasa la watu wazima, Jumamosi mchana. Somo la tatu alisimama, akamwomba mwalimu chaki, akafuta herufi "k" iliyokuwa ubaoni kwa sababu ilikuwa inaegemea, akaichora upya. Mwalimu hakufurahi. Wakaenda hivyo mwaka mzima, mmoja akiandika na mwingine akinyoosha. Mwisho wa mwaka akafaulu, akapewa cheti. Alikisoma mwenyewe, chote, kwa kidole, akasema maneno ni sahihi lakini herufi za juu hazilingani, akaomba aruhusiwe kukichora upya.

Walimkatalia.